Mhusika pepe mmoja afundishe hisabati na pia apime afya ya akili ya wanafunzi: mnashaurije?

Kipanga_KLM aliuliza:

Habari wakuu,

Tunaandaa programu ya mhusika pepe kwa shule ya sekondari ya bweni mkoani Kilimanjaro, wanafunzi takriban 600, kidato cha kwanza hadi cha nne. Wazo lililopo mezani ni dada mmoja wa kwenye skrini, mwenye sura, sauti na ishara za mikono. Wakati wa prepo anamsaidia mwanafunzi hisabati. Mara moja kwa muhula anakaa naye dakika kumi na tano kumhoji kuhusu afya yake ya akili, kisha anampa mwalimu wa ushauri nasaha orodha ya wanaohitaji kuonwa. Mfano tuliouangalia ni Ellie, mhoji wa kwenye skrini wa University of Southern California (USC) kule Marekani.

Tulichonacho: kompyuta 25 za mezani zenye RAM ya GB 8, hazina kadi ya michoro, kamera za bei rahisi, intaneti ya kubahatisha, mwalimu mmoja wa ushauri nasaha.

Naomba ushauri kwenye mambo matatu. Mhusika awe mmoja kwa kazi zote mbili au wawe wawili? Tutumie kamera kusoma uso, maana tafiti zinasema mwenye sonona hutazama chini zaidi na tabasamu lake huwa hafifu? Na mazungumzo tuiachie modeli kubwa ya lugha (kama ile ya ChatGPT) iongee yenyewe, au tuandike maneno yote sisi? Tafadhali msiniishie kwenye "inategemea", nipeni vipimo.

---

mizani:

Wawe wawili, na sababu iko ndani ya tafiti hizohizo za Ellie.

Kwanza tuelewane alikuwa nini. SimSensei Kiosk, mfumo aliokuwa akiishi Ellie, ilijengwa na Institute for Creative Technologies ya USC kwa fedha za DARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani, kuangalia dalili za sonona, wasiwasi na kiwewe. Ellie hakuwa anatunga sentensi. Kila alichosema kilikuwa kimeandikwa na kurekodiwa mapema. Hatua ya kwanza aliendeshwa na watu wawili waliojificha chumba kingine, mmoja akichagua maneno na mwingine akichagua ishara za mwili. Programu ilichukua usukani baadaye. Na hakuwa akitamka kwamba fulani ni mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kumpa mtaalamu taarifa za ziada.

Mwaka 2014 Lucas, Gratch, King na Morency walichapisha jaribio la watu 239 waliohojiwa na mhusika huyo. Baadhi waliambiwa anaendeshwa na kompyuta, wengine wakaambiwa kuna mtu anayemwendesha. Walioamini ni kompyuta tupu walikuwa na hofu ndogo zaidi ya kujifunua, na huzuni yao ilionekana wazi zaidi usoni. Kwa hiyo faida haitokani na uzuri wa sura ya mhusika. Inatokana na imani ya anayehojiwa kwamba hakuna mtu anayemtazama na kumhukumu.

Sasa weka hilo shuleni kwako. Mwanafunzi anajua kuwa dada huyu jana usiku ndiye aliyehesabu makosa yake ya aljebra, na kwamba mwalimu wa hisabati anaona ripoti. Leo dada yuleyule anamuuliza kama amewahi kuona bora asingekuwepo. Atajibu kama anavyomjibu mwalimu wa zamu. Tenganisha jina, sura, sauti, rangi ya skrini, akaunti na hifadhidata. Ikiwezekana mahojiano yafanyikie chumba kingine kabisa.

Kamera iache. Sonona katika kanzidata ya Ellie inayotumiwa na watafiti wengi, DAIC-WOZ (mahojiano 189, ya dakika 7 hadi 33), ilipimwa kwa PHQ-8, dodoso la maswali manane kuhusu dalili za sonona, ambalo mshiriki alilijaza mwenyewe. Yaani mashine inafundishwa kukisia, kupitia uso na sauti, kile ambacho dodoso lingesema. Wewe dodoso unalo! Kwa nini ukisie kitu ambacho unaweza kukiuliza?

Kuna mtego mwingine unaowakamata hata watafiti. Mwaka 2024 Burdisso na wenzake walionyesha kuwa modeli zinazopewa pia maswali ya Ellie, si majibu tu, hujifunza njia ya mkato: zinakodolea macho ile sehemu ya mahojiano anapouliza historia ya matatizo ya akili, badala ya kusikiliza lugha ya mhojiwa kwa ujumla. Matokeo yanapendeza kwenye karatasi, ila modeli imejifunza ratiba ya mhoji. Ukiona programu inayouzwa kwa kigezo cha "usahihi kwenye DAIC-WOZ", uliza kwanza kama maswali ya mhoji yaliondolewa.

Na hayo macho ya kutazama chini: mtoto aliyelelewa Moshi, Tanga au Unguja akisemeshwa na mkubwa huinamisha macho kwa adabu. Kipimo kilichotengenezwa kwa watu wazima wa Los Angeles kitamwandikia dalili.

---

Nasaha_Pwani:

Nakubaliana na mizani. Mimi nitaongelea hesabu ya watu, maana miradi ya aina hii hukwama hapo kabla ya teknolojia kuleta shida yoyote.

Chukua dodoso zuri tu, linalonasa 80 kati ya kila wagonjwa 100 na kuwaachia huru 80 kati ya kila wazima 100. Tuseme kati ya wanafunzi wako 600, wenye sonona ni 60. Dodoso litawanasa 48 na kuwakosa 12. Kwa wale wazima 540, litawaita 108 bila sababu. Orodha atakayopewa mwalimu ni ya watu 156, na chini ya theluthi yao ndio wenye tatizo. Akionana na sita kwa siku, ambayo ni kazi nzito kwa mtu mwenye vipindi pia, anahitaji siku 26 za kazi. Mtoto wa mwisho kwenye orodha ataonwa baada ya wiki tano. Hapo ni heri usingemuuliza.

Kwa hiyo usipime shule nzima kwa mkupuo. Pima mkondo mmoja wa wanafunzi 40 kwa wiki, Jumatatu au Jumanne asubuhi. Utapata majina kama kumi, na kufikia Jumatano jioni yote yameonwa. Kamwe usipime Ijumaa, siku ya kuelekea likizo, au wiki ya mitihani.

Dodoso lenyewe: PHQ-9 ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27. Mipaka inayotumika sana ni 5, 10, 15 na 20. Toleo la Kiswahili limefanyiwa utafiti kwa watu wazima Kilifi, magharibi mwa Kenya na Dar es Salaam, kwa hiyo huna haja ya kutafsiri upya nyumbani. Omba lililokwisha kupimwa. Kwa vijana kuna PHQ-A, maneno yamerekebishwa kidogo. Lakini usiibebe alama 10 kama sheria ya Musa. Mpaka unaofaa hubadilika kulingana na kundi la watu, na mkondo wako wa kwanza utumie kulinganisha alama na maoni ya mtaalamu aliyeonana na wanafunzi wote 40, walioitwa na wasioitwa.

Watu hupenda kuanza na maswali mawili ya kwanza tu (PHQ-2) na kuendelea ikiwa jumla imefika 3. Kwa shule ya bweni sishauri. Swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, linarukwa kwa kila aliyepata chini ya 3, na wapo wanaobeba mawazo hayo huku kwenye maswali mawili ya kwanza wanaonekana wazima. Maswali tisa ni dakika tatu. Yaulize yote.

Jibu lolote lililo juu ya 0 kwenye swali la tisa, hata "siku kadhaa", lifungue maswali ya ASQ kuhusu kujiua, ya NIMH, taasisi ya afya ya akili ya Marekani: manne ya ndiyo au hapana, na la tano la kama ana mawazo hayo "sasa hivi" endapo mojawapo limejibiwa ndiyo. Hapo mhusika hahoji tena. Anasema maneno yaliyorekodiwa tayari, kwa mfano:

"Asante kwa kuniambia. Mimi ni programu, na jambo hili linahitaji mtu. Mwalimu wa ushauri nasaha yuko chumba cha jirani na anakuja sasa. Naomba ubaki hapa."

Asiseme "usijali", asitoe mawaidha ya dini, asiulize "kwa nini". Kengele ya mwalimu ipite kwenye mtandao wa ndani wa shule, isitegemee intaneti. Ikipita sekunde 60 bila mwalimu kubonyeza "nimepokea", ilie kwa mtu wa pili aliyepangwa. Aliyejibu ndiyo kwenye swali la tano haachwi peke yake hata kwenda chooni. Namba 116 ya simu ya mtoto, inayofanya kazi Tanzania na Kenya, ionekane kwenye kila ukurasa kuanzia wa kwanza, ili anayeficha jibu naye aondoke nayo.

Alama usimwonyeshe mwanafunzi, na neno "sonona" lisitokee kwenye skrini yake. PHQ ina swali la mwisho lisilo na alama, kuhusu ni kwa kiasi gani hali hiyo imetatiza masomo na mahusiano. Hilo lihifadhi vizuri. Ndilo litakalomsaidia mwalimu kupanga nani aanze kuonwa kati ya wawili wenye alama 11.

---

Juma_kodi:

Sawa, lakini dodoso la kubonyeza ni kavu mno. Modeli kubwa ya lugha ingeweza kuongea naye taratibu, ikadadisi, kisha ikajaza PHQ-9 yenyewe nyuma ya pazia. Si ndiyo maana ya mhusika pepe?

---

mizani:

@Juma_kodi hapana, kwa sababu tatu. Dodoso lilipimwa likiwa na maneno yake yaleyale. Ukiacha modeli iyageuze, alama unayopata si ya PHQ-9 tena, na ile mipaka ya 10 na 15 haina maana. Pili, modeli hizi zina tabia ya kumkubalia anayeongea nazo. Mwanafunzi akisema "ni uchovu tu", itajibu kwamba kweli shule inachosha, na itajaza 1. Tatu, kukisia hatari kutoka kwenye maneno ya vijana ni kazi ngumu kwa Kiswahili. "Mtihani umeniua" ni utani wa kila siku. "Natamani nilale nisiamke" haina neno lolote la kutisha ndani yake. Na "nina mawazo" inaweza kuwa ada haijalipwa, au ndiyo namna pekee anayoijua ya kutaja huzuni ya miezi sita.

Kumbuka hata Woebot, programu ya mazungumzo ya afya ya akili, ile iliyojaribiwa mwaka 2017 kwa vijana 70 kwa wiki mbili, ilikwenda kwa njia zilizoandikwa na wataalamu, si kwa kutunga papo hapo.

Ukavu unaondolewa kwa namna nyingine. Weka maswali matatu ya kuzoeana kabla ya dodoso (anatoka wapi, anapenda somo gani, wikendi hufanya nini) na mhusika aitikie kwa kichwa na "mmh". Ellie naye alianza hivyohivyo, kwa maswali mepesi.

---

ubao_na_chaki:

Niseme upande wa masomo, maana naona wote mmekimbilia kwenye PHQ.

Usitumie bajeti kubwa kwenye sura. Schroeder, Adesope na Gilbert walikusanya mwaka 2013 tafiti 43 zenye washiriki 3,088 wakakuta kwamba kuwa na mhusika kunaongeza kujifunza kwa kiasi kidogo (g, kipimo cha ukubwa wa tofauti, ni 0.19). Kinachobeba mzigo ni namna mazungumzo yanavyopangwa. Mfano bora ni AutoTutor, programu ya kufundisha kwa mazungumzo, kazi ya Art Graesser na wenzake wa University of Memphis tangu miaka ya 1990. Haikuwa na sura ya kuvutia hata kidogo, lakini ilikuwa na mpango.

Mpango wenyewe ni huu. Kwa kila swali, mwalimu anaandika mapema vitu viwili: mambo ambayo jibu kamili lazima liyaguse, na makosa yanayotarajiwa. Mwanafunzi akijibu, mhusika anatafuta ni jambo gani halijaguswa na analivuta kwa ngazi nne, kuanzia juu:

Kusukuma: "Endelea, kisha?"
Kudokeza: "Angalia namba iliyo nje ya mabano. Inazidisha nini na nini?"
Kuuliza pengo: "Hasi mbili mara hasi tatu ni ngapi?"
Kusema: "Ni chanya sita, kwa hiyo tunapata −2x + 6."

Huo ni mfano wa −2(x − 3), ambapo kosa la kutarajiwa ni −2x − 6. Mhusika akimwona ameandika hivyo, asianze na kusukuma; aende moja kwa moja kwenye kosa hilo, ampe x = 1 aiweke pande zote mbili. Upande wa kushoto atapata 4, upande wake atapata −8. Mwache ashangae mwenyewe.

Mambo yanayoharibika mara nyingi: mhusika anaruka hadi ngazi ya nne baada ya kosa moja, na mwanafunzi anagundua kwamba akiandika upuuzi mara mbili anapewa jibu. Weka sharti la jaribio moja halisi kwenye kila ngazi, na jibu la chini ya herufi mbili lisilo na namba lisihesabiwe kuwa jaribio. Lingine ni "umeelewa?" Futa swali hilo kwenye programu yote. Mwanafunzi dhaifu husema ndiyo. Badala yake mpe swali pacha lenye namba tofauti.

Usahihi wa hesabu usiuachie modeli ya lugha. Tumia SymPy, maktaba ya Python ya aljebra: geuza alichoandika kuwa usemi, kisha angalia kama tofauti yake na jibu sahihi ukirahisisha ni sifuri. Kwa njia hiyo −2x + 6 na 6 − 2x zote zinakubaliwa bila kuandika sheria mia. Modeli, kama unaipenda sana, ipewe kazi ya kupamba maneno tu baada ya SymPy kuamua.

Halafu lugha. Sekondari Tanzania inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ilhali mtoto anafikiri na kubishana kwa Kiswahili. Swali liandikwe kama litakavyokuja NECTA, maelezo na vidokezo viwe Kiswahili, na msamiati wa mtihani ubaki ulivyo ndani ya sentensi ya Kiswahili. Mhusika anayesisitiza Kiswahili sanifu kwa kila istilahi atamwacha mwanafunzi bila neno siku ya mtihani.

---

Kipanga_KLM:

Asanteni sana. Kamera tumeifuta, na wahusika watakuwa wawili. Bado nina wasiwasi na sauti: kompyuta 25 chumba kimoja, kila mtoto anaongea na skrini yake. Na tumejaribu Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, kwa Kiswahili, wakati mwingine inaandika sentensi ambazo hazijasemwa na mtu.

---

sikio_la_tatu:

Hiyo tabia ya Whisper inajulikana. Utafiti uliochapishwa 2024 ulikuta takriban 1% ya vipande vya sauti vikiwa na maneno ya kubuni, na zaidi kwa wasemaji wenye vituo virefu. Sasa fikiria: mwenye sonona huongea taratibu na kunyamaza sana. Mashine itamjazia maneno yule hasa unayemtafuta.

Ikiwa ni lazima utumie utambuzi wa sauti, pitisha kwanza kwenye Silero VAD, programu inayotenga usemi na kimya, ili kimya kisifike kabisa kwenye Whisper. Tumia vichwa vya sauti vyenye kipaza karibu na mdomo, na rekodi kHz 16, chaneli moja, biti 16. Hiyo ni MB 1.92 kwa dakika. Kikomo cha kimya kabla mhusika hajadhani umemaliza: sekunde 0.7 kwenye hisabati, sekunde 2 au zaidi kwenye mahojiano. Ukiacha 0.7 kwenye mahojiano, mhusika atamkatiza mtoto kila anapovuta pumzi, na atafunga mdomo.

Lakini kwa chumba chako nasema: sauti itoke, isiingie. Mhusika aongee kwenye vichwa vya sauti, mwanafunzi ajibu kwa kuandika (hisabati) au kwa vitufe (dodoso). Kelele inaisha, siri inabaki, na huhitaji kadi ya michoro. Machaguo manne ya PHQ yawe yanaonekana kwenye skrini muda wote. Kuyasikia tu na kuyashika kichwani mara tisa huwafanya watu wachague la mwisho walilolisikia. Pale unapotaja "wiki mbili zilizopita", mhusika aongeze tukio la kalenda ya shule, kama "tangu ile Jumapili ya wazazi", ambalo mwalimu analiingiza kila wiki.

Kwa kuwa maneno yote ya mahojiano yameandikwa, usitumie sauti ya mashine hapo. Kodi msomaji mmoja, mrekodi sentensi zote siku moja, umbali uleule kutoka kwenye kipaza. Sentensi zikiwa 80 ni kazi ya saa tatu. Kwenye hisabati, ambako namba zinabadilika, sauti za mashine zipo: Azure ya Microsoft ina Rehema na Daudi wa Tanzania, Zuri na Rafiki wa Kenya, lakini zinahitaji intaneti. MMS, modeli ya sauti ya Meta, ina Kiswahili na inaweza kukaa kwenye seva yako, ingawa kwenye namba ndefu hujikwaa, kwa hiyo ziandike kwa maneno kabla ya kuipa.

Midomo: tumia Rhubarb Lip Sync, programu inayolinganisha maumbo ya mdomo na sauti, ila kitambuzi chake cha kawaida ni cha Kiingereza. Amri iwe hivi:

rhubarb -r phonetic -f json -o swali07.json swali07.wav

Kisha pitia kwa macho maneno yanayoanza na m inayosimama kama silabi: mtu, mti, mtoto. Kitambuzi mara nyingi huipita haraka na mdomo unabaki wazi. Umbo A, la mdomo uliofungwa, lazima lishike angalau sekunde 0.08. Mtazamaji hajui kasoro ni nini, anaona tu kwamba dada huyu "si mzima". Picha za pande mbili zinatosha: maumbo tisa ya mdomo ya Rhubarb, macho wazi na macho yamefumbwa, mitazamo mitatu. Asikodoe. Binetti na wenzake (2016) walikuta watu wanastarehe na kutazamwa kwa takriban sekunde 3.3, zaidi ya hapo ageuze macho kidogo.

Jambo dogo ambalo wabunifu wa nje hulisahau: umri wa sura. Ukimchora kama mama wa miaka 45, kidato cha kwanza watamwamkia shikamoo, na asipojibu marahaba umeshaharibu. Mchore dada wa miaka 20 hivi, na bado mwekee jibu la salamu.

---

kifungu_kwa_kifungu:

Sheria kwa ufupi. Tanzania una Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za watoto na za afya ziko kundi la taarifa nyeti, na kuzipeleka seva ya nje ya nchi kuna masharti yake. Mkiipeleka Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa mtoto, tathmini ya athari kabla ya kuanza, na taarifa ya uvujaji kwa Kamishna ndani ya saa 72. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: tangu 2 Februari 2025 mifumo ya kusoma hisia za watu shuleni imepigwa marufuku, isipokuwa kwa sababu za kitabibu au usalama. Mfadhili wako akitoka huko, ile kamera ingekukwamisha hata kama ingefanya kazi.

Kuna jambo zito kuliko hayo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu 217, bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu 226 kinapingana na Katiba. Kwa hiyo swali la ASQ linalouliza kama mtoto aliwahi kujaribu, Tanzania linazaa maandishi yanayoweza kuombwa na mtu mwingine kesho. Jibu la swali hilo lisihifadhiwe. Liwashe kengele, mwalimu alione kwenye skrini yake, kisha lifutike akishabonyeza "nimepokea". Kinachobaki kwenye kumbukumbu ni "ameonwa, tarehe fulani".

---

Nasaha_Pwani:

Hilo la kifungu 217 liingie kwenye maneno ya mwanzo ya mhusika pia. Msiahidi siri kamili, maana mtakuja kuivunja. Semeni: "Walimu wa darasa na wenzako hawataona majibu yako. Nikiona uko hatarini, nitamwita mwalimu wa ushauri nasaha, au aliyepangwa badala yake, basi." Kisha kitufe cha "sitaki kuendelea" chenye ukubwa sawa na cha kuendelea, na anayekibonyeza apelekwe kwenye mchezo wa namba wa dakika zilezile, ili anayetoka mapema asijulikane kwa wenzake mlangoni.

---

Kipanga_KLM:

Nimeelewa. Seva tutaiweka ofisini kwa mwalimu wa ushauri nasaha, si maabara ya kompyuta. Swali la mwisho: tujaribu vipi kabla ya kuwafikia wanafunzi?

---

mizani:

Mbinu ya Ellie: mtu nyuma ya pazia. Kompyuta mbili kwenye mtandao wa ndani, moja ya mhojiwa, ya pili ina orodha ya sentensi zenu 80 na mtu anayebonyeza ipi isemwe. Tumia watu wazima, walimu wanafunzi wa chuo kwa mfano, 10 hadi 15. Waambie mwanzoni kwamba kuna mtu upande wa pili. Mnachopima ni maneno, si imani yao. Andika kila mara anayebonyeza anapokosa sentensi ya kujibu. Orodha hiyo ya mapengo ndiyo sentensi mtakazorudi kurekodi, na ikiwa baada ya mzunguko wa pili mapengo bado yanazidi mawili kwa kila mahojiano, tatizo liko kwenye maswali ya kuzoeana: yako wazi mno. Yafupisheni.

Kengele ijaribiwe kivyake. Chomoa waya wa intaneti, mwalimu awe darasani, kisha bonyeza "ndiyo" kwenye swali la tano la ASQ na uhesabu sekunde hadi mtu mzima anapofika mlangoni. Rudieni hadi ziwe chini ya 120, mchana na usiku.